Mwenye 'mawazo mengi' ni mbunifu au ameelemewa?

Majuma machache yaliyopita, mama mboga ninayenunua sukuma kwake Kangemi aliniita kando kabla sijatoa pesa mfukoni.

"Mwalimu, hebu niangalilie hii kitu ya kijana. Wamemwandikia ati hana ubunifu. Huyu? Huyu ndiye hana ubunifu?"

Alikuwa ananionyesha taa iliyoning'inia juu ya kibanda chake. Taa hiyo aliitengeneza mwanawe, fundi wa simu, kwa betri ya simu iliyokufa na kipande cha paneli ya sola alichokiokota jaani. Stima ikipotea mtaani, kibanda cha mama huyo huendelea kuuza huku majirani wakipapasa gizani.

Kijana mwenyewe alikuja baadaye akanisimulia. Alikuwa ameomba kazi ya mauzo katika kampuni moja iliyoko Westlands. Kabla ya usaili alitumiwa kwenye simu hojaji yenye kauli hamsini, zote kwa Kiswahili, akaambiwa achague kati ya 'nakubali kabisa' na 'sikubali kabisa' na vidato vilivyo katikati. Aliyejibu angejulikana ni mtu wa aina gani. Majibu yalirudi kwa ukurasa mmoja: bidii, juu, uchangamfu, wastani, ubunifu, chini. Kazi hakupata.

Hojaji yenyewe alikuwa bado nayo. Niliisoma yote tukiwa tumekaa kwenye benchi la mamake. Nilipofika kwenye kauli 'Nina mawazo mengi', nikaona amechagua 'sikubali kabisa'. Nikamwuliza sababu.

"Mwalimu, si unajua mzee wetu aliaga mwaka jana. Kusema ukweli, mawazo ninayo. Lakini nikiandika hivyo kwa fomu ya kazi, si wataona niko na shida ya kichwa? Nikaona heri niseme sina."

Mpenzi msomaji, yaliyompata kijana huyu ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la ajira, ndiyo maana nimeyaleta katika ukumbi huu. Hojaji ilimwuliza kama ana ubunifu. Yeye alisikia akiulizwa kama ana majonzi. Akayaficha majonzi yake kwa adabu, na hojaji ikaandika kwamba hana ubunifu.

Hojaji za hulka ni nini?

Wanasaikolojia kwa muda mrefu wamekuwa wakitafuta njia ya kupima hulka ya mtu, yaani zile sifa zinazokaa naye mwaka baada ya mwaka na kumtofautisha na jirani yake. Wahenga wetu walilijua jambo hilo waliposema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hojaji hujaribu kuzihesabu nywele hizo. Mtu hupewa kauli nyingi fupi kumhusu, naye huonyesha anakubaliana nazo kwa kiwango gani. Mtindo huu wa vidato ulianzishwa na Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932. Majibu hujumlishwa katika mafungu, na mgawanyo unaotumiwa sana leo ni wa mafungu matano: uchangamfu, upole kwa wengine, bidii na uangalifu, wepesi wa kufadhaika, na uwazi wa akili kwa mambo mapya. Hilo la mwisho ndilo lililoitwa 'ubunifu' katika karatasi ya kijana wetu.

Sina ugomvi na wazo lenyewe. Mgala muue na haki yake mpe. Katika jiji ambalo wengi wanaamini kazi hutolewa kwa kujuana, hojaji inayowauliza wote maswali yale yale ina haki fulani ndani yake. Tena aliyeamua kuitoa kwa Kiswahili alitaka kutenda wema. Hoja yangu ni kwamba hojaji ya hulka iliyotafsiriwa ovyo huacha kupima hulka. Hupima jinsi mtu anavyokielewa Kiswahili cha mfasiri, kisha ikaliita jibu hilo tabia yake.

Mtego wa 'mawazo'

Hebu tuanze na neno lililomkwaza kijana. Ipo hazina ya kimataifa ya maswali ya hulka, iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Lewis Goldberg, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Miongoni mwa kauli zake fupi mna ile inayomtaka mtu aseme kama amejaa 'ideas'. Mfasiri akifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili atapata 'wazo', wingi wake 'mawazo'. Akiandika 'Nina mawazo mengi', hakuna mwalimu wa sarufi atakayetia kalamu nyekundu. Upatanisho wa kisarufi ni sahihi, na msamiati ni sanifu.

Lakini katika Kiswahili kinachosemwa, kuanzia Mombasa hadi Nairobi na Dar es Salaam, mtu akisema 'nina mawazo' humwulizi amebuni nini. Unamwuliza nini kimemsibu. 'Yule ana mawazo siku hizi' ni kauli ya kumhurumia mtu. Hata istilahi rasmi ya kile ambacho vijana wa mjini hukiita 'stress' imejengwa juu ya neno hilo hilo: msongo wa mawazo.

Nililijaribu jambo hili nikiwa mjini. Si utafiti, ni udadisi wa mwalimu tu. Mpiga viatu rangi karibu na Kencom nilimwuliza kama ana mawazo mengi. Alicheka: "Nani hana mawazo Nairobi hii, mzee, na vile unga imepanda?" Mwanafunzi wa chuo kikuu alinijibu kwa uangalifu zaidi: "Inategemea unauliza nini. Kama ni aidia, niko nazo. Kama ni mawazo, hizo pia niko nazo, lakini hizo si za kuandikia mtu wa kazi."

Jibu la mwanafunzi huyu lina somo la isimu ndani yake. Katika usemi wa Nairobi, neno la mkopo limechukua maana ya wazo jipya, nalo neno letu la asili limeachiwa uzito wa moyo. Kamusi zinatoa maana zote mbili bega kwa bega. Mtaa umekwisha kuzigawa. Mfasiri anayefanya kazi na kamusi pekee hawezi kuuona mgawanyo huo.

Mtu ataniuliza: je, hawa watu hawahakiki tafsiri zao? Wanahakiki. Njia inayojulikana sana ilielezwa na Richard Brislin mwaka 1970: mfasiri wa kwanza huitoa hojaji kwenye Kiingereza na kuipeleka kwenye lugha lengwa, kisha mfasiri wa pili, ambaye hajaiona ile ya awali, huirudisha kwenye Kiingereza. Matini mbili za Kiingereza hulinganishwa. Zikifanana, watu hupeana mikono.

Tatizo ni kwamba wafasiri wote wawili wamesoma shule moja na wanatumia kamusi moja. Kiingereza kina msemo unaolinganisha huzuni na rangi ya samawati. Mfasiri mvivu akiandika 'Mimi hujihisi bluu', mfasiri wa pili atairudisha vilevile bila kasoro hata moja. Matini mbili za Kiingereza zitalingana neno kwa neno, ilhali mama mboga atabaki akijiuliza ni rangi gani hiyo inayohisiwa. 'Nina mawazo mengi' nayo hupita ukaguzi huo kwa alama zote, kwani njia hii huonyesha tu kwamba wasomi wawili wanaelewana. Msomaji wa kawaida hakuulizwa popote.

Kamusi ya nani?

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Mafungu haya matano ya hulka hayakushuka kutoka mbinguni. Yalichimbwa kwenye lugha. Mwaka 1936, Gordon Allport na Henry Odbert walipitia kamusi kubwa ya Kiingereza, wakaorodhesha maneno yapatayo 18,000 yanayoweza kumweleza mtu. Waliofuata waliipunguza orodha hiyo, wakawauliza watu wajipime kwa maneno yaliyosalia, na kwa hesabu wakaona maneno yanajikusanya katika makundi. Hoja yao ilikuwa ya busara: sifa ambazo ni muhimu katika maisha ya watu lazima lugha yao itakuwa imezipa majina.

Ni hoja ninayoikubali. Lakini tukiikubali, ni sharti tukubali na matokeo yake. Ikiwa hojaji imezaliwa kwenye msamiati wa Kiingereza, kuitafsiri kwa Kiswahili ni kumwomba Mswahili ajipime kwa vipimo vilivyokatwa kwenye kitambaa cha mwenzake. Huenda vikamtosha, huenda visimtoshe. Hatuwezi kujua kabla ya kumvisha.

Tazama jinsi lugha yetu inavyomsifia mtu. Vivumishi halisi vya Kiswahili ni vichache mno vikilinganishwa na vya Kiingereza. Sisi humweleza mtu kwa nomino, tukasema ni mchoyo, mkarimu au mvivu. Humweleza kwa 'mwenye': mwenye haya, mwenye subira. Zaidi ya yote, humweleza kwa viungo vya mwili. Bahili ana mkono wa birika, mwizi ana mkono mrefu. Asiyeona haya ana macho makavu, au uso wa mbuzi. Asiyeweza kutunza siri ni domo kaya. Mwenye kijicho ana roho mbaya, na mwenye wasiwasi roho yake iko juu. Mwili mzima umegawanywa kuwa ramani ya tabia.

Sasa angalia ramani hiyo inathamini nini. Karibu kila nahau hapo juu inahusu namna mtu anavyokaa na wenzake: anatoa au hatoi, anastahi au hastahi, anatunza siri au anaimwaga. Hata maneno yetu ya jumla yana historia yake. 'Tabia', 'hulka' na 'silka' tumeyapata kutoka Kiarabu, na yote matatu yanaelekeza kwenye maumbile aliyozaliwa nayo mtu. Lakini neno zito kuliko yote, 'utu', ni la Kibantu, nalo halipimi mtu akiwa peke yake. Ukisema fulani hana utu, lazima kuna mwingine aliyetendewa jambo. Hojaji niliyoisoma kwenye benchi la mama mboga ilikuwa na kauli hamsini. Sikuona hata moja inayouliza kuhusu haya, staha wala kutunza siri.

Ndiyo yetu na ndiyo yao

Tuje kwenye sarufi. Watunzi wa hojaji hupenda kuchanganya kauli za kukubali na za kukana ili kumnasa mtu anayejibu 'ndiyo' kwa kila kitu. Kwa Kiingereza mbinu hiyo ina mantiki. Kwa Kiswahili ina mashimo.

Mwulize Mswahili, "Hukuja jana?" Kama hakuja, atakujibu, "Ndiyo, sikuja." 'Ndiyo' yake inathibitisha kwamba ulilosema ni kweli. Mwingereza katika hali hiyo angeanza kwa kukana. Basi mpe Mswahili kauli 'Mimi si mtu wa kulaumu wenzangu', umtake aseme anakubali au hakubali. Ikiwa huwalaumu wenzake, itambidi aseme 'sikubali' kwamba 'si mtu wa kulaumu'. Makanusho mawili yamegongana, na mtu anapaswa kuyafumbua kichwani huku saa ikihesabu. Anayeweza kufanya hivyo upesi ni aliyezoea mitihani ya kuchagua jibu. Kwa hiyo kauli hiyo inapima miaka ya shule. Kulaumu hakumo.

Kuna na adabu. Mgeni akikuuliza jambo mlangoni pako, hasa akiwa na karatasi na kalamu, hujengi mabishano naye. Unakubali, na kukubali huko si uongo, ni ukarimu. Watafiti hulijua tatizo hili, na lina takwimu zake. Mwaka 2019 Rachid Laajaj, Karen Macours na wenzao walichapisha katika jarida la *Science Advances* uchambuzi wa tafiti 29 ambapo watu 94,751 katika nchi 23 zenye kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwemo, walihojiwa ana kwa ana. Waligundua kwamba kwa jumla maswali ya mafungu matano hayakupima sifa yaliyokusudiwa kuzipima. Mwelekeo wa watu kukubali tu ulikuwa mojawapo ya sababu walizozichambua. Kwa upande mwingine, watu 198,356 wa nchi hizo hizo waliojitolea kujibu kupitia intaneti walitoa majibu yaliyopangika vizuri zaidi.

Fikiria hao waliojitolea kwenye intaneti ni akina nani. Aghalabu ni watu waliozoea kusoma maandishi marefu na kujaza fomu. Hojaji inawafaa wanaofanana na mtunzi wake, na inayumba inapofika kwa mama mboga.

Hali kadhalika, kuna suala la kujisifu. 'Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza' ni methali tunayowafundisha watoto darasani. Kisha tunawapa hojaji inayowataka waandike 'nakubali kabisa' mbele ya kauli 'Mimi hufanya kazi kwa ubora wa hali ya juu'. Mtoto aliyelelewa vyema atachagua 'nakubali kiasi'. Na 'kiasi' chenyewe ni nini? Kwa mmoja ni 'kidogo tu'. Kwa mwingine, mwenye kiasi ni mtu mwadilifu asiyepita mipaka. Kidato kimoja cha hojaji kinabeba maana mbili zisizokutana.

Kiswahili cha wapi?

Wapo watakaosema dawa ni Kiswahili sanifu. Mimi hufundisha Kiswahili sanifu, na nitaendelea kukitetea darasani. Lakini matatu ya 46 kuelekea Kawangware haisafirishi Kiswahili sanifu peke yake. Ndani yake mna anayesema 'mimi hukasirika', anayesema 'mimi hukasirikanga', na anayesema 'mi hushikwa na hasira'. Kiambishi hicho cha '-nga' tumekipiga marufuku katika insha za wanafunzi, ilhali kwa wakazi wengi wa Nairobi ndicho kinachobeba dhana ya mazoea. Na hulka ni nini kama si mazoea?

Maneno pia yamehama. Katika kamusi, 'mkali' ni mwenye hasira. Mtaani, 'mkali' ni hodari kupita wenzake. 'Mjanja' katika hadithi za sungura ni laghai, lakini katika mitaa ya Nairobi ni sifa ya mtu anayejua kuishi mjini. Weka 'Mimi ni mjanja' katika hojaji, mzee wa Lavington atakana na kijana wa Kangemi atakubali, ingawa huenda wote wawili ni waaminifu sawasawa.

Simaanishi kwamba hojaji iandikwe kwa Sheng. Sheng ya mwaka huu huenda mwakani ikawa imezeeka. Ninachosema ni kwamba anayeandika kwa Kiswahili sanifu ana wajibu wa kuchagua maneno ambayo sanifu na mtaa zinakubaliana kuyahusu. Maneno hayo yapo. Kuyapata ni kazi ya miguu na masikio, kamusi haitoshi.

Walioifanya kazi hii vizuri

Isidhaniwe kwamba haiwezekani. Hapa Kenya ipo mifano katika jambo lililo jirani na hulka, yaani kupima sonona. Hojaji moja fupi yenye maswali tisa, iitwayo PHQ-9, humwuliza mtu hali yake katika majuma mawili yaliyopita na kumpa alama kati ya 0 na 27. Mwaka 2006 Omoro na wenzake walichapisha tafsiri yake ya Kiswahili waliyoijaribu kwa Wakenya waliokuwa na saratani ya kichwa na shingo. Mwaka 2009 Monahan na wenzake wakachapisha matokeo yake kwa watu wanaoishi na virusi vya ukimwi magharibi mwa Kenya. Jambo la kuwasifia ni kwamba hawakuishia kwenye tafsiri. Waliirudisha hojaji kwa watu wale wale ambao ingewahusu, wakaangalia kama alama zake zinasema kweli.

Harare walikwenda mbali zaidi. Katika Kishona, anayesumbuka moyoni husema ana 'kufungisisa', yaani kufikiri kupita kiasi. Ni binamu wa 'mawazo mengi' yetu. Katika miaka ya 1990 Vikram Patel na wenzake walitunga hojaji ya maswali 14 kwa kuanzia kwenye maneno ya Washona wenyewe, na huduma ya Friendship Bench, iliyoanzishwa na Dixon Chibanda mwaka 2006, ikaitumia pale mama wazee wanapowasikiliza watu kwenye mabenchi nje ya kliniki. Neno ambalo lingeweza kuwa mtego kwa mfasiri, kwao lilikuwa mlango.

Waturuki nao wametembea njia hiyo katika hulka yenyewe. Hojaji ya Minnesota, MMPI, yenye maswali zaidi ya 500, iliwafikia ikiwa imejaa Umarekani. Toleo lake la mwanzo liliuliza hata kuhusu mchezo wa watoto wa kuangusha leso. Mwanasaikolojia Işık Savaşır aliirekebisha kwa Kituruki, na mwongozo wake wenye viwango vya Waturuki ukatoka mwaka 1981. Miongo mitatu baadaye, mwaka 2012, Tülin Gençöz na Özlem Öncül walichapisha hojaji iliyoanzia kwenye vivumishi vya Kituruki chenyewe. Walipata mafungu matano yanayofanana na ya Kiingereza, na la sita juu yake, linalohusu namna mtu anavyojiona kuwa mbaya au asiyefaa. Fungu hilo lisingeonekana kama wangetosheka na tafsiri.

Na hapa kwetu, lugha iliyochunguzwa kwa njia hiyo ni Kimaa cha Wamaasai. Mwaka 2020 Amber Gayle Thalmayer, Gerard Saucier, Leonard Ole-Kotikash na Doris Payne walichapisha uchambuzi wa maneno ya Kimaa yanayomweleza mtu, na mifumo ya Magharibi haikujitokeza vizuri ndani yake. Ikiwa Kimaa kimeweza kuhojiwa kwa kina namna hiyo, Kiswahili chenye wasemaji, kamusi na idara za vyuo vikuu tele kina kisingizio gani?

Nini kifanyike?

International Test Commission, shirika linalotoa miongozo ya majaribio ya namna hii, lilichapisha toleo la pili la miongozo ya kutafsiri na kurekebisha majaribio mwaka 2017. Miongozo hiyo inasisitiza kwamba tafsiri nzuri peke yake si ithibati. Lazima ushahidi ukusanywe kutoka kwa watu watakaotumia jaribio hilo. Kwa mwajiri wa Westlands au Upper Hill, hili linaweza kugeuzwa kuwa maswali matatu ya kumwuliza anayemuuzia hojaji. Ni nani waliosomewa kauli hizi kwa sauti wakaeleza kwa maneno yao walivyozielewa? Je, viwango vya 'juu' na 'chini' vilitokana na Wakenya au na watu wa nchi nyingine? Na alama hizi zimewahi kulinganishwa na kazi halisi ambayo watu hao waliifanya baadaye? Muuzaji akibabaika katika swali la kwanza, mwajiri aifunge bahasha.

Hili si ombi la hisani. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Ibara ya 27 inaitaja lugha miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Kumpa mtu Kiswahili kinachomtega, kisha ukamnyima kazi kwa sababu amenaswa, ni kuitumia lugha yake dhidi yake.

Wanaisimu nasi tusijifiche. Hojaji nyingi hutafsiriwa na watu wa afya na wa biashara kwa sababu sisi tuko kwenye makongamano tukibishana kuhusu istilahi, kama iwe 'saikolojia' au 'elimunafsia'. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili akikaa sokoni Kangemi mwezi mzima akiandika jinsi watu wanavyosifiana na kulaumiana, ataturudishia orodha yenye manufaa kuliko mabishano hayo.

Kabla sijaondoka siku ile, niliiandika upya kauli iliyomponza kijana: 'Mara kwa mara mimi hubuni njia mpya ya kufanya jambo.' Nikampa simu asome. Hakusita hata kidogo.

"Hiyo? Hiyo nakubali kabisa, mwalimu. Si uliza hata mathe."

Mamake alikuwa akimfungia mteja nyanya. Hakusema kitu, alinyoosha tu kidole juu, kwenye taa.